Mwaka Bi. Nasra Alipochapa kwa Mkono Mmoja

Siku ya hitima ya Bi. Nasra, watu walipokwisha kula na wengi wao kuaga, Kulwa alivuka kutoka upande wa wanaume akanikuta uani nakusanya sahani. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Amenenepa, nywele zimemwisha mbele, lakini bado anatembea kama mtu anayewahi treni. Alikuja na binti yake anayesoma chuo kikuu, akanitambulisha kwake hivi: "Huyu ndiye mama Tausi niliyekusimulia. Ndiye aliyemtengenezea Bi. Nasra kompyuta mpaka akaweza kuchapa kwa mkono mmoja." Binti akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniangalia kwa heshima ambayo sikuistahili. Nilitaka kumsahihisha palepale, ila masufuria yalikuwa yananisubiri na Bi. Rukia, dada yake marehemu, alikuwa ananiita jikoni. Nikarudi nyumbani na maneno yale ya Kulwa yakinizunguka kichwani, na ndiyo yaliyonifanya nikae niandike. Mimi sikumtengenezea Bi. Nasra kitu. Nilimwekea kitu ambacho hakuniomba, naye akanifundisha kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, na ilinichukua sehemu kubwa ya mwaka kuelewa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka Ziba nikaja Tabora mjini kujifunza kuchapa na kazi za ofisi, na shule yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Bi. Nasra, mtaa wa Ng'ambo. Ndani mlikuwa na meza ndefu ya mninga na taipureta saba juu yake, nzito kama vinu, na chumba kizima kilinuka wino, mafuta ya cherehani aliyolainishia mashine, na udi aliofukiza kila Ijumaa. Kati yetu na sebule yake ulikuwepo ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo sisi tulimsikia akiongea na wageni wake na yeye alitusikia tukimsengenya. Saa nne tulipumzika. Bi. Rukia alileta vitumbua, mimi nilitoa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, niliyotumiwa kutoka nyumbani, na chai ya mdalasini tuliinywa kwa asali badala ya sukari, kila mtu na kijiko chake kimoja. Sijawahi tena kunywa chai ya namna ile. Nimejaribu kuitengeneza mwenyewe, inakuwa chai tu.

Bi. Nasra alizaliwa mjini humo, na waliomzaa pia. Alikuwa katibu muhtasi kwa miaka mingi kabla ya kufungua shule, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mistari ya barua zake. Mimi ulimi wangu ulikuwa wa Ziba; ra na la kwangu zilikuwa herufi moja, na nilivyotamka ndivyo nilivyochapa. Wiki ya kwanza alinirudishia karatasi yangu mbele ya darasa zima. "Tausi," alisema, "hii baluwa ni mnyama gani? Anafugwa huko kwenu?" Watu walicheka, nami nikacheka kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa anacheka, alisubiri jibu kweli. Kisha akanikalisha mstari wa mbele na kwa miezi mitatu sikuondoka hapo. Pembeni yangu alikaa Kulwa, mtoto wa Kaliua, baba yake akifanya kazi reli. Yeye alichapa haraka kuliko wote na kwa makosa mengi kuliko wote.

Katikati ya mwaka zikaja kompyuta mbili, zimetumika tayari, na fundi aliyetupigia windows, ule mfumo wa kuziendesha, akaondoka bila kutuachia hata karatasi ya maelezo. Bi. Nasra alizifunika kwa vitambaa vya kufuma, vyeupe vyenye ua la bluu katikati, na hakuna aliyeruhusiwa kukifunua kitambaa kabla ya kunawa mikono. Alijifunza pamoja nasi na hakuona aibu. Jioni, tulipokuwa tunafagia, tulimsikia nyuma ya mbao akisoma kwa sauti majina ya vitufe vile kana kwamba anakariri sura.

Halafu akapata kiharusi. Alianguka asubuhi akiwa anatawadha, akakaa hospitali wiki sita, na aliporudi mdomo ulikuwa umenyooka na miguu inamtii, lakini mkono wa kushoto ulilala mapajani mwake kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa aushike. Kwenye taipureta alijikaza. Kwenye kompyuta alikwama. Herufi kubwa alizimudu, maana kuna kitufe cha kuzifunga. Ila alama ya kuuliza, mabano, asilimia, na amri zote zinazotaka kontro ishikwe huku kidole kingine kinabonyeza herufi, zote hizo zinataka mikono miwili kwa wakati mmoja. Shifti ya upande wa kulia ilikuwa imekufa tangu mashine zilipokuja, na mkono wake wa kulia ulikuwa mdogo. Niliuona ukijinyoosha kutoka shifti hadi kwenye tarakimu ya tano, ukashindwa kufika, ukarudi.

Hapo ndipo ilipofika barua. Ilisema shule zote za aina yetu zitakaguliwa ili zisajiliwe, na kwamba mwalimu mwenyewe atachapa zoezi la majaribio kwenye kompyuta mbele ya mkaguzi. Asiyesajiliwa, wanafunzi wake hawatafanya mtihani. Bi. Nasra alitusomea barua yote kwa sauti yake ya kawaida, akaikunja, akasema tuendelee na zoezi la kumi na mbili. Lakini mchana ule, nikiwa nimebaki kubadilisha utepe wa wino, nilimsikia nyuma ya mbao akiongea na dada yake.

"Waambie ukweli waende wakatafute shule nyingine mapema," Bi. Rukia alisema.

"Nitawaambia."

"Lini?"

Nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe. "Rukia, mimi siogopi kufunga," Bi. Nasra alisema. "Sitaki watoto wa watu wanione ninavyohangaika na alama ya kuuliza."

Niliondoka kwa kunyata, na kesho yake nikamwambia Kulwa. Tukaanza kubaki saa za mchana, wengine wakienda kula, tukitafuta njia ya kuchapa alama zile kwa mkono mmoja. Ndani ya kompyuta kulikuwa na kurasa za msaada, zote za Kiingereza, nami nilizisoma neno kwa neno na kamusi iliyochanika jalada. Siku ya nne nikaipata. Ilielezwa wazi kwamba mashine inaweza kuambiwa ipokee vitufe kimoja baada ya kingine: unabonyeza shifti, unaachia, unabonyeza tarakimu, nayo inahesabu kwamba umevishika pamoja. Nilimwita Kulwa nikafuata maelekezo hatua kwa hatua, na tulipofika mahali palipotajwa, hapakuwa na kitu. Kurasa zilieleza chumba ambacho kwetu hakikujengwa. Tukarudi kusoma, na chini kabisa kulikuwa na maelezo mafupi: baadhi ya mambo katika mfumo ni ya hiari, hayawekwi mpaka mwenye mashine ayachague, na huongezwa kutoka kwenye sidii ile ile iliyotumika mwanzo. Fundi wetu, kwa kuwa hadi diski, ghala la kumbukumbu la mashine, ilikuwa ndogo, aliacha kila alichoona hakina kazi.

Sidii hatukuwa nayo. Kulwa alikuwa na mjomba, karani kwenye kituo cha kununulia tumbaku Urambo, ambako ofisini kwao waliletewa kompyuta kama zetu. Tulimwambia Bi. Nasra kwamba Kulwa anakwenda kumsalimia mjomba wake na mimi nafuatana naye kununua maharage. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, nami niliutoa bila kupepesa, kwa sababu niliamini nia njema inatosha. Treni iliyotakiwa kuondoka alfajiri iliondoka saa nne, na Urambo ilitupokea kwa harufu ya tumbaku iliyokauka, tamu na nzito, iliyoingia mpaka kwenye ugali tuliopewa. Mjomba alitusikiliza mpaka mwisho akakataa. Mali ya ofisi haitoki ofisini. Nilipoinuka kuaga nilimuaga kwa Kisukuma, bila kufikiri, kama ningemuaga mtu mzima yeyote wa nyumbani. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Ziba. Kumbe mke wake ni wa Igunga, wilaya moja na Ziba, na tukakaa tena, tukaulizana habari za mvua na ng'ombe wa huko kwa karibu saa nzima. Kisha akafungua droo akatoa sidii ndani ya bahasha ya kaki. "Wiki mbili," alisema. "Na isiachwe juani." Kesho yake tulirudi Tabora juu ya lori la marobota ya tumbaku, mimi nikiwa nimeibana ile bahasha ndani ya kitenge, na nadhani sijapata kufurahi vile safarini.

Jumatano ilikuwa siku ya Bi. Nasra kwenda hospitali kufanya mazoezi ya mkono. Alipotoka tu, tukanawa mikono, tukafunua kitambaa. Ilitokea orodha yenye vijisanduku, vingine vimetiwa alama, vingine vitupu. Nilitia alama kwenye kimoja tu, mashine ikaomba sidii, tukaipa, na mstari wa bluu ukaanza kutambaa. Ilipozima na kujiwasha yenyewe Kulwa alishika kichwa akidhani tumeiua. Haikufa. Alitia mkono wake wa kushoto mfukoni, akabonyeza shifti kwa mkono wa kulia, mashine ikalia ti, akaachia, akabonyeza kitufe kingine, na pale kwenye skrini ikakaa alama ya kuuliza peke yake katikati ya weupe. Tuliiangalia kama watu wanaoangalia kifaranga.

Bi. Nasra aliporudi nilimkalisha mbele ya mashine nikafungua ile sehemu mpya nimwonyeshe. Alama yake ilikuwa kipicha kidogo cha kiti cha magurudumu. Mimi nilikuwa nimekiona mara ishirini bila kukiona. Yeye alikiona mara moja.

"Huyu ndiye mimi?" aliuliza.

"Hapana Bi. Nasra, ni alama tu, ndani yake kuna..."

"Nani amekutuma?"

Nikajieleza. Nikataja barua, nikataja mkaguzi, na kwa ujinga nikataja alama ya kuuliza, akajua kwamba nilisikiliza nyuma ya mbao. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama tulikwenda Urambo kununua maharage, nikasema hapana. Aliuliza kama darasa zima linajua, nikasema ni mimi na Kulwa tu.

"Hicho kitu kilikuwa cha lazima?"

"Hapana. Ni cha hiari."

"Hiari ya nani?"

Nilirudi kukitazama kile kipicha. "Kitoe," alisema, akaenda chumbani kwake. Nikarudi kwenye orodha ile ile, nikaondoa ile alama kwenye kijisanduku, na mashine ikaifuta kwa dakika moja kazi iliyotuchukua siku mbili na lori la tumbaku. Kulwa alikasirika, akasema mama huyu ana kiburi na tutakosa mtihani kwa sababu yake. Nami usiku na mchana nilimtetea mdomoni na kumlaumu moyoni.

Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile. Simu yangu huniletea swali karibu kila wiki, kama nataka kuongeza hiki au kile, na wanangu hubonyeza kukubali kabla sijavaa miwani. Huwa nawaambia wasubiri. Wanadhani naogopa mashine. Siogopi mashine, nakumbuka uso wa mtu aliyefunguliwa sanduku lake bila kuulizwa, na nakumbuka kwamba aliyelifungua alikuwa anampenda.

Wiki mbili alizotupa mjomba zilikuwa zinaishia. Alhamisi mchana nilirudi darasani kuchukua kanga niliyoisahau, mlango ukiwa nusu wazi, nikamwona Bi. Nasra peke yake mbele ya kompyuta. Alikuwa ameinama mpaka kidevu kimegusa kibodi. Alibonyeza shifti kwa kidevu, na kwa mkono wa kulia akawa anapapasa tarakimu asizoziona, ushungi umemwangukia usoni. Alibonyeza, akainuka kutazama skrini, haikuwa asilimia, akainama tena. Ubao wa sakafu ulilia chini ya mguu wangu. Alinyanyua kichwa tukatazamana. Ningeweza kujifanya nimeingia wakati ule, ila nilikwishachoka kumdanganya.

"Bi. Nasra," nilisema, "nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa," alisema.

"Nilidhani ukiulizwa utakataa."

"Ningekataa." Alijifunga ushungi upya, kwa mkono mmoja, taratibu, na mimi kwa mara ya kwanza sikukimbilia kumsaidia. "Ningekataa siku ya kwanza. Labda na ya pili. Wewe ukanikatiza kabla sijafika ya tatu." Kisha akauliza, "Hiyo sidii inarudi lini kwa mwenyewe?"

"Kesho Kulwa anaipeleka."

"Basi lete kiti ukae hapa. Usishike kitu. Niambie tu."

Akaiweka mwenyewe. Alifungua orodha, na hakuwa na haraka hata kidogo. Aliniuliza juu ya kila kijisanduku kitupu ni cha nini, nami nikafungua kamusi nikamweleza. Kioo cha kukuza maandishi, akasema macho yake hayajambo. Picha za kupamba skrini, akasema vitambaa vinatosha. Kwenye kile cha vitufe alikitazama kile kiti cha magurudumu, akasema kama anaongea na mchoraji wake, "Miguu yangu mizima," na akatia alama. Nilidhani tumemaliza, ila akashuka chini zaidi. "Na hiki?"

"Ni mchezo wa karata, Bi. Nasra. Hauna kazi."

"Umesema ni hiari," alisema, na akatia alama hapo pia.

Ninacheka hata sasa nikiandika. Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyopata kuishi Tabora. Mvua zilianza, uyoga ukajaa sokoni, na Bi. Rukia akaupika kwa karanga kiasi kwamba tulikuwa tunachapa huku tunanusa. Darasa lilizoea kusikia ti, kisha herufi, ti, kisha mabano, na kati ya zoezi na zoezi kimya kirefu ambacho wote tulijua ni karata. Kulwa alilalamika kwamba mwalimu anamshinda. Bi. Nasra aligundua mwenyewe, bila kamusi yangu, kwamba ukibonyeza shifti mara mbili inabaki imeshikwa mpaka uiachilie, akaja kunionyesha kwa majivuno ya mtoto, nami nikajifanya sikuwahi kusoma jambo hilo mahali popote. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwake.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya mvua, kijana mwenye suti na saa ya kupimia muda. Alimwamkia Bi. Nasra vizuri, akamwona mkono ulivyo, akakaa vibaya kidogo kwenye kiti. "Mama, kama kuna mwalimu mwingine anaweza kufanya kwa niaba yako..."

"Barua yenu ilisema mwalimu mwenyewe," alisema Bi. Nasra, akafunua kitambaa.

Alianza. Mvua iligonga bati, na chini yake ti, ti, pole pole, bila kukata. Baada ya dakika chache mkaguzi aliinua kichwa. "Hii mashine ina hitilafu?"

"Haina. Nimeiambia inisubiri."

Muda ulipokwisha alikuwa bado amebakiza mistari sita. Hakusimama, na mkaguzi hakumsimamisha. Alizima ile saa akaiacha mezani. Alipomaliza, kijana yule alisoma skrini mara mbili, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akasema haina kosa hata moja. Akasema pia kwamba muda ni muda na hawezi kuandika asichokiona. Angeisajili shule kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba awepo mwalimu msaidizi wa mazoezi ya kasi, na jina lake liandikwe leo. Bi. Nasra hakugeuka hata kuangalia upande wa Kulwa. "Andika Tausi," alisema. "Anachapa kwa kasi ya kutosha. Siku hizi hata barua anaiandika vizuri." Nilitaka kuuliza kama ananiuliza. Alisoma usoni mwangu, akaongeza, "Kama anataka." Nikasema nataka.

Tulifanya mtihani, tukafaulu karibu wote. Kulwa akapata kazi reli, mimi nikabaki katika chumba kile miaka tisa. Lakini mwaka ule kwangu unaishia Januari, siku ya kuandikisha wanafunzi wapya, alipoingia mwanamke wa makamo yangu ya sasa, amevaa kitenge kipya, ametoka Urambo. Alisimama mlangoni muda mrefu. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kiwiko. Mashine ya kufunga marobota iliuchukua miaka mingi nyuma. Alisema amesikia kwa karani mmoja wa tumbaku kwamba hapa kuna mwalimu anayechapa kwa mkono mmoja, akaja kuona kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema Bi. Nasra. Alimtazama juu mpaka chini. "Lakini mimi nilibakiwa na wa kulia. Wewe una wa kushoto. Ninachokijua chote kiko upande mwingine."

Yule mama akaanza kukusanya mtandio wake aondoke.

"Unakwenda wapi?" Bi. Nasra alimuuliza, akivuta kiti kwa mguu. "Nimesema sijui. Kaa, tuanze wote."